Emérence na Masaa Yaliyoruhusiwa

Wazazi wake walimwandikisha Emérence ajifunze kushona. Kituo cha mafunzo kilikuwa Bagira, mjini Bukavu, na upande mmoja wa ukuta wasichana waliendesha cherehani, upande wa pili wavulana walipiga chuma. Haukupita muda mwalimu wa cherehani akachoka kumtafuta. Kila akiwaita wasichana wake kwa majina, mmoja alikosekana, na yule mmoja alikutwa ng'ambo ya ukuta, amejiziba uso kwa kiganja, akichungulia cheche kati ya vidole. Baba yake aliitwa. Akamwuliza mbele ya watu kama ana akili. Emérence akajibu kwamba akili anayo, ila haiko kwenye nguo. Alichapwa, akarudi darasani, akavuka ukuta tena. Mwishowe waliona ni afadhali kumhamisha kuliko kumfunga kamba.

Sasa amepita miaka arobaini. Mume wake, Didier, anaendesha lori la saruji kati ya Uvira na Bukavu, na nyumbani huonekana kama mgeni anayependwa: anakuja, anakula vizuri, anaondoka. Kazi ya Emérence iko Kasha, kwenye atelier yake, kibanda cha mabati kilichobanwa kati ya barabara na nyumba za watu. Hapo anatengeneza milango ya chuma, madirisha, na vile vyuma vya kuzuia wezi ambavyo watu wanaviita antivol. Mikono yake ina madoa ya kuungua mpaka kwenye viwiko. Watu waliomcheka zamani, kwamba mwanamke gani anashika poste, mashine ya kuchomelea, leo wanalala nyuma ya milango yake.

Tatizo lake lilikuwa umeme, courant kama wasemavyo kwao. Kwenye avenue yao, yaani mtaa wao, umeme uliondoka asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, ukarudi watu wakiwa wamekwisha kula cha jioni. Mchana ulipita bila hata cheche moja. Poste haiwaki kwa maneno matamu, na ile mashine ya kukatia chuma, meule, nayo haiwaki. Basi Emérence alijifunza kuishi kinyume. Mchana alipima, akachora, akapaka rangi, akasinzia. Umeme ukirudi, aliinuka.

Jirani yake wa karibu kabisa alikuwa Maman Eulalie, mjane aliyeuza unga wa muhogo sokoni miaka mingi hadi miguu ikamkatalia. Ukuta wa chumba chake ulikuwa hatua chache kutoka kibandani. Alikuwa na tension, shinikizo la damu, na daktari alikuwa amemwambia apumzike. Lakini nani apumzike pale? Meule ikigusa chuma, sauti yake inapita kwenye meno ya mtu. Eulalie alilalamika kwa Emérence mwenyewe, kisha kwa majirani, kisha malalamiko yakafika kwa Papa Aloys, chefu wa avenue.

Aloys hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kofia na kalamu mfukoni, aliyependa mambo yaandikwe na yasomwe kwa sauti. Jumapili moja baada ya misa aliita watu mbele ya nyumba yake, ambapo chumba kimoja cha mbele kilikuwa ndicho ofisi yake, akasimama kwenye ngazi na kusoma.

"Kuanzia kesho, makelele ya chantier za kujenga na ya atelier itaanza saa moja ya asubuhi, itaisha saa kumi na mbili ya jioni. Siku ya dimanche, siku ya misa, hakuna kabisa. Mwenye kuvunja sheria, tutachukua mashini yake."

Watu wakapiga makofi. Emérence akainua mkono.

"Papa chef, niko na swali moja tu. Courant inarudiaka saa ngapi kwetu huku?"

Watu wakacheka. Aloys akakunja karatasi yake.

"Hiyo si swali ya leo, maman."

"Ni ya leo. Mumeniruhusu kutumika kazi saa yenye hakuna courant, mumenikataza saa yenye iko. Semeni tu, Emérence, funga atelier. Hapo tutasikilizana."

"Batu bengine banatumia groupe ya mafuta. Nunua groupe."

"Groupe inalia kuliko meule! Nikinunua, utakuja kunikamata juu ya groupe."

"Sheria ni sheria."

"Hiyo mungepeleka Nguba," Emérence akasema, "kwenye batu beko na courant muchana na usiku. Huku ni Kasha."

Hakuna aliyepiga makofi sasa. Wengine walitazama chini, kwa sababu hawakuwa na umeme wa mchana wao pia. Hugues, seremala wa avenue hiyohiyo, ambaye mashine yake ya kuranda mbao ilinguruma usiku kama ya Emérence, alitikisa kichwa kwa kukubali. Baada ya mkutano alimsogelea akamwambia wasiache jambo hili, wasimame pamoja. Emérence akamshika mkono kwa nguvu.

Wakati ule alikuwa na mlango mmoja mezani. Ulikuwa wa Fabiola, mwanamke aliyeuza sambaza, dagaa wa ziwani, na kulea watoto wake peke yake. Fabiola alikuwa amejenga vyumba viwili, akafika kwenye mlango akakwama, akatundika turubai. Wezi walipita humohumo kwenye turubai wakabeba sufuria zake zote, hata ile yenye maharage. Mvua zilikuwa zimeanza. Emérence alikuwa ameahidi.

Kwa hiyo Jumatatu, umeme uliporudi, alivaa miwani yake akawasha meule kana kwamba hakuna kilichosomwa. Alikata vyuma vya mlango. Kutoka upande wa pili, Eulalie aligonga ukuta kwa mchi. Emérence alisikia. Aliusikia vizuri sana ule mchi, na hakuacha.

Asubuhi Aloys alikuja na polisi wawili na mkokoteni. Walichukua meule, wakachukua poste. Majirani walitoka kutazama, kikombe cha chai mkononi. Emérence hakulia wala hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akamwambia polisi aliyeishika poste kwa waya wake, "Beba kwa mukono yake, si kwa kamba. Ukikata hiyo kamba utanilipa."

Polisi akashika mpini.

"Utalipa amande," Aloys akamwambia, maana yake faini, "na utaomba musamaha mbele ya batu. Siku ileile utapata vyombo vyako."

"Musamaha ya nini?"

"Ya kuvunja sheria."

"Nilikuwa natumika kazi, papa. Sikuiba. Musamaha ya kutumika sitaomba, ata unifunge."

Wakaondoka na mkokoteni. Kibanda kilibaki kimya. Ukimya ule haukumfurahisha mtu yeyote pale barabarani, hata waliokuwa wameuomba, maana ulifanana na wa nyumba yenye msiba. Emérence alikaa juu ya rundo la mabomba hadi jua likawa kali. Vile vipande vya mlango wa Fabiola alikuwa amekwisha kuviunganisha kwenye pembe usiku ule, na fremu ilisimama imara, ila haikuwa na bamba wala bawaba. Aliitazama fremu ile muda mrefu.

Kesho yake, mapema, aliifunga kamba, akaipachika kamba kwenye paji la uso kama wanavyobeba mizigo wanawake wa Bukavu, akapanda kilima na chuma mgongoni. Alifika kwa Aloys wakati mke wa chefu anafagia uwanja. Akaegemeza fremu kwenye ukuta wa ofisi, karibu kabisa na mlango. Akaweka kigoda. Akavaa glavu zake, akasukuma miwani ya kazi kwenye paji la uso, akakaa.

Aloys alitoka bado anafunga vifungo vya shati.

"Ni nini hii?"

"Kazi, papa chef. Saa moja ya asubuhi imefika."

"Kazi gani? Umekaa tu!"

"Ndiyo kazi yenye muliniruhusu."

Alimwambia aondoke. Emérence alikataa. Aloys alimwambia ataita polisi, naye akamwuliza polisi watasema amefanya kosa gani, kukaa bila makelele ndani ya masaa ya makelele? Aloys akaingia ndani akafunga mlango. Baadaye akaufungua, kwa sababu watu walikuwa wanakuja kutafuta karatasi za makazi, na mmoja mmoja ilibidi wapite upandeupande, tumbo likigusa fremu ya Fabiola. Emérence aliwasalimu wote.

"Karibuni mu atelier," alisema. "Courant ikikuja, tutaanza."

Baadhi walicheka. Baadhi walimkasirikia. Mzee mmoja alimwambia mwanamke mwenye heshima hakai mlangoni kwa watu hivyo. Saa kumi na mbili ya jioni ilipofika, Emérence alivua glavu, akamtakia mke wa chefu usiku mwema, akashuka kwake. Fremu aliiacha palepale. Asubuhi alirudi.

Siku zikaenda namna ile, na si kweli kwamba alikuwa jasiri kila dakika. Mvua ilimkuta, akajibanza chini ya ukingo wa bati, maji yakimrukia magotini. Watoto wa shule walipata wimbo juu yake, wakauimba wakipita. Mchana mmoja Hugues alipita njia ile. Emérence alimwona tangu mbali, akasogeza kigoda ili amwachie nafasi. Seremala alipofika karibu, aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, akaongeza mwendo, akapotea kwenye kona. Emérence alishusha miwani machoni. Nyuma ya miwani ile nyeusi hakuna aliyeweza kuona macho yake.

Lakini kilichomuuma zaidi ni Fabiola. Alikuja na beseni lake tupu la sambaza, akasimama mbele ya fremu yake mwenyewe.

"Maman Emérence, mimi nilitaka mulango. Sikutaka vita."

"Mulango utapata."

"Lini? Batoto banalala kwenye baridi. Omba hiyo musamaha, tumalize. Ni neno moja tu. Mimi naomba musamaha kila siku kwa batu, na bado niko muzima."

Emérence alivua glavu moja, akaivaa tena. Fabiola alikuwa anasema kweli.

"Nikiomba leo," akasema, "nitakata chuma yako saa ngapi? Courant itaniletea nani muchana? Nitaomba, watanirudishia mashini, na usiku watakuja kuichukua tena. Nitaomba mara ngapi?"

Fabiola aliligeuza beseni, akakaa juu yake kidogo, akitazama barabara, kisha akainuka akaenda. Hakuaga vibaya wala vizuri.

Mtu ambaye hakuna aliyemtegemea alikuja siku mbili tatu baadaye. Maman Eulalie alipanda kilima kwa mkongojo wake, akipumzika kila baada ya nyumba chache, kitambaa kimefungwa kichwani hadi kwenye nyusi. Alipofika alipumua sana kabla ya kuweza kusema. Emérence alisimama akampa kigoda, maana hata hasira ina adabu yake.

"Nimekuja nikuone kwa macho," Eulalie akasema. "Banasema umekuwa sanamu ya kanisa."

"Niko kazini, mama."

"Wewe ulikuwa unaniua. Unajua?"

"Nilisikia ukipiga ukuta."

"Ulisikia! Na uliendelea!"

"Niliendelea," Emérence akasema. "Sikuwa na saa ingine, mama. Ningeacha, tungekula nini kwangu?"

Ndani ya ofisi, kiti cha Aloys kililia. Alikuwa anasogea karibu na mlango.

"Sasa unisikilize," mwanamke mzee akasema. "Mimi nimelala macho wazi miezi mingi, najua atelier yako kuliko wewe. Ile ya kuchoma haina shida. Inalia kidogo, kama nyuki, naweza kulala nayo. Ni ile ingine. Ile ya kukata. Ile inaingia huku," akagusa sikio, "inatokea huku. Na ile nyundo."

"Meule."

"Sijui jina yake. Hiyo. Kata muchana."

"Muchana hakuna courant."

"Kata kwa mukono. Zamani hakukuwa musumeno?"

Emérence alicheka kwa uchungu. "Kwa musumeno, mulango mumoja ni siku muzima, mama. Mukono itakatika mbele ya chuma."

"Basi kata siku muzima. Mimi nilikosa usingizi usiku muzima."

Emérence alitafuta jibu, na kila alilolishika lilikuwa na upande mmoja tu, upande wake. Alikuwa amekaa pale siku zote hizo akimwuliza chefu swali la umeme, na swali lilikuwa la haki. Lakini mchi ukutani nao ulikuwa wa haki, na hilo hakuwahi kulisema kwa sauti.

"Nitakata kwa mukono," akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Na nyundo nitaweka muchana. Kuchoma nitachoma usiku. Hapo sitarudi nyuma, mama, ata kidogo."

"Sikukuambia urudi nyuma. Weka pazia tu, ule mwanga unacheza kwenye dirisha yangu."

Aloys alitoka, uso umechanua. "Sawa! Sawa kabisa. Sasa Maman Emérence ataomba musamaha, atalipa amande, na..."

Eulalie aligeuza mkongojo kumwelekea yeye. "Na wewe? Ulitoa sheria kwa ajili yangu. Ulifika kwangu kuniuliza ni makelele gani?"

"Maman, tulipata malalamiko..."

"Yalikuwa yangu! Mimi sikuomba musamaha. Niliomba usingizi. Rudisha mashini ya mutoto ya batu."

Watu waliokuwa wakisubiri karatasi zao walikuwa wamekwisha kujaa uwanjani, na mmoja wao alikohoa kwa namna iliyofanana sana na kicheko. Aloys alirekebisha kofia. Akasema, kwa kuwa mlalamikaji mwenyewe amekubali, poste itarudi. Meule itabaki ofisini hadi Emérence alipe amande na kuomba msamaha, kwa sababu avenue haiwezi kuendeshwa na kila mtu anayekuja na kigoda.

"Ibaki," Emérence akasema.

Alibeba poste yake kwa mpini wake, akamwita kijana wa barabarani amsaidie fremu, akamshika Eulalie kwa mkono mwingine, wakashuka polepole, watatu na chuma chao.

Bamba na vyuma vilivyobaki vya mlango wa Fabiola alivikata kwa msumeno. Ilikuwa kazi mbaya. Viganja vyake vilitoka malengelenge juu ya ngozi aliyodhani haiwezi tena kutoa malengelenge, na bega la kulia bado linamsumbua mvua ikikaribia. Usiku alichomelea nyuma ya blanketi zito alilolitundika kama pazia. Siku walipoupachika mlango, Fabiola aliufungua na kuufunga mara nyingi, akisikiliza kitasa, kisha akaingia ndani na watoto, akajifungia, akamwacha fundi nje bila neno. Baadaye alimpelekea sambaza za kukaanga.

Emérence anatengeneza milango michache kuliko zamani, na hilo analisema wazi kwa anayeuliza. Meule yake ipo kwa Aloys mpaka leo. Kuna siku umeme hukosea njia ukaja mchana. Siku kama hiyo, bila kuitwa, Hugues huleta meule yake mwenyewe, ile anayonolea visu vya randa, anaiweka mezani na kuondoka. Emérence anaitumia na kuirudisha. Asante hajampa, na seremala naye hajaidai.

Ila kuna kitu kimoja kwenye sheria ile ambacho Emérence alikipenda. Inasema makelele yataanza saa moja ya asubuhi. Jumamosi ya kwanza baada ya kurudishiwa poste, alingoja saa ile ifike, akachukua nyundo kubwa na bamba la chuma lililopinda, akaanza kulinyoosha. Kibanda chake kiko chini ya kilima, nyumba ya chefu iko juu, na sauti hupanda. Aloys ni mtu anayependa kulala Jumamosi. Alishuka na ndala, bila kofia.

"Emérence! Leo ni samedi!"

"Ndiyo, papa chef."

"Batu banalala!"

"Samedi haiko mu sheria yako. Ulisema dimanche." Akainua nyundo. "Ngoja, papa, sogea kidogo, chuma inaruka."

Tangu siku hiyo hufanya hivyo kila Jumamosi, hata asipokuwa na kazi ya nyundo.

Maman Eulalie bado halali vizuri. Daktari anasema ni tension, na sasa hana wa kumlaumu, jambo ambalo linamuudhi kupita kiasi. Jioni nyingine nyundo ikipitisha kidogo saa kumi na mbili, anagonga ukuta kwa mchi, na nyundo inanyamaza hapohapo. Jumapili ijayo Aloys ameita mkutano mwingine kuongeza Jumamosi kwenye sheria. Emérence amemtumia ujumbe kwamba atakuja mapema ili apate kukaa mbele.